Kamati ya Miezi Mitatu

Neema, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukwambia yote ya safari: sweta ibaki mkononi isiingie sandukuni, namba ya shangazi iandikwe pia kwenye karatasi, maji ya kunywa yachemshwe. Hayo namwachia yeye. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo limenishinda kulitamka tangu tulipogombana mezani, na kwa kuwa kesho alfajiri unaondoka, naliandika. Itakuwa barua ndefu. Nilikuwa mwalimu wa historia kabla ya kuwa mtunza maktaba, na watu wa kazi hizo mbili hawajui kufupisha.

Sasa hivi mko Al Wakrah, wewe na mama yako, mkiwaaga akina mama wa ushirika. Mlipotoka nilizima televisheni ili nisitazame habari za Nairobi. Nikaiwasha tena. Nimeizima.

Nimeyarudia maneno yetu mpaka nimeyakariri. Nilikuuliza hao vijana unaozungumza nao kwenye simu kila siku, hao utakaowakuta chuoni, wanataka nini hasa.

"Wamenichagua niwe katibu," ulisema. "Niandike mwongozo wa vuguvugu. Wanasema naandika vizuri kuwashinda."

"Na ukishaandika?"

"Tunawatoa."

"Nani?"

"Wote, Baba. Wote waende tu."

"Halafu?"

"Halafu nini? Kwani lazima kila kitu kiwe na halafu?"

Mama yako akacheka pale kwenye sinki. "Mwache huyo. Huyo alizaliwa na 'halafu' mdomoni."

Hatukucheka naye. Ukaniambia kwamba insha yako ya mapinduzi ya Ufaransa nilikusaidia mwenyewe, tena nikakusifu. "Mfalme si alitoka? Au nilikosea?" Hukukosea. Alitoka. Nikasema insha ilikomea pale mtihani ulipokomea, na ungefungua sura inayofuata. Hapo ndipo uliposimama. "Baba, umekaa huku Doha miaka ishirini na sita ukisoma. Kusoma si kufanya." Ukaingia chumbani, na mlango hukuubamiza. Ningependa ungeubamiza.

Nakuogopea, Neema. Naogopa gesi ya machozi, naogopa rungu, naogopa risasi, naogopa gari lisilo na namba. Mzazi wa Kenya anayesema haogopi hayo ana mtoto asiyetoka nje. Lakini hofu hiyo mmeisikia kwa wazazi wenu mpaka mmeichoka, na sidhani nina la kuongeza. Ninayo hofu ya pili, ambayo naona aibu kuitaja. Naogopa siku mtakayoshinda.

Kusoma si kufanya, ni kweli. Ila hujui kwamba mimi nilifanya. Nilishiriki mapinduzi hapa hapa Doha, katika sebule moja ya Al Mansoura, na tukashinda. Usicheke bado.

Ulikuwa na miaka minane. Pengine unayakumbuka majoho ya zambarau yaliyokuwa yakining'inia nyuma ya mlango wetu. Kwaya yetu ya Kiswahili ilikuwa na watu kama arobaini: manesi, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wasichana wa kazi za nyumbani ambao waajiri wao waliwaruhusu kutoka. Ijumaa asubuhi tuliimba ibadani, na mchana tukakusanyika sebuleni kwa mazoezi, madirisha yamefungwa, sauti ndogo, majirani wasije wakalalamika kwa mwenye nyumba. Watu arobaini wakiimba wimbo mkubwa kwa kunong'ona ni kama sufuria inayochemka huku mtu ameshikilia kifuniko.

Mfalme wetu tulimwita Mwalimu Zakaria. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mwembamba, nadhifu, na sikio lake lilikuwa la ajabu. Kati ya watu arobaini angekunyooshea kidole wewe uliyeteleza. Aliianzisha kwaya akiwa na watu watano, kabla mimi sijafika nchi hii, kwa hiyo ilikuwa yake kama shamba lilivyo la aliyefyeka pori. Hatukuwa na katiba wala uchaguzi. Yeye alichagua nyimbo, sare, na nani asimame mbele. Aliyekosa mazoezi mara tatu aliwekwa benchi: mwezi mzima anakaa na waumini, joho haruhusiwi kulivaa. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Kwaya ina kichwa kimoja. Yenye viwili ni zimwi." Watu wakacheka. Watu hucheka miaka mingi kabla ya kukasirika.

Hakuwa mtu katili. Wala yule mfalme wa Ufaransa hakuwa katili, na hili vitabu vya mtihani hulipita haraka. Alipenda kuwinda na kuchezea makufuli kama fundi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: katika ufalme ule hapakuwa na njia ambayo neno "hapana" lingepita likamfikia likiwa bado dogo. Baraza la wawakilishi lilikuwa halijaitwa kwa zaidi ya miaka mia moja na sabini. Kwa hiyo hazina ilipokauka na mkate ulipopanda bei, na yeye akalazimika kuliita, hakuja mtu mwenye hapana ndogo. Walikuja wote na hapana ya babu zao.

Ya kwetu ililetwa na mlinzi mmoja aitwaye Wafula. Alikuwa besi yetu nzito. Mama yake alifariki kule Bungoma, naye hakupata ruhusa ya kusafiri. Unaijua desturi yetu huku: asiyeweza kwenda kuzika tunamfanyia ibada siku ile ile ya mazishi, picha ya marehemu inawekwa mezani, kwaya inaimba, na mwenyewe anazika kwa simu. Wafula alikuwa benchi. Zamu za saa kumi na mbili zilimkosesha mazoezi. Mwalimu Zakaria akasema kwaya itaimba, lakini Wafula hataimba nayo. "Sheria ni sheria, hata kwa mfiwa." Nilisimama katika mstari wangu nikamtazama Wafula ameketi kando ya picha ya mama yake, simu mkononi, midomo yake ikiifuata besi bila kutoa sauti.

Wiki ile alinijia Mutiso. Alikuwa msimamizi wa walinzi, miaka thelathini na moja, kijana wa kupendwa. Ndiye aliyepanga mabasi ya kuwachukua watu kutoka Umm Salal na kwingineko, na hakuna aliyewahi kuachwa. Alinikuta nikipanga vitabu.

"Mwalimu wa historia," akasema, "hawa watu wanangoja mtu wa kuwaambia ni sawa."

"Sawa nini?"

"Kumkataa mzee."

"Mzee yupi?"

"Ah, usinichezee. Mimi nina mabasi, wewe una vitabu. Wale Wafaransa walifanyaje?"

Nikuambie ukweli, nilijisikia mtu. Nilikuja nchi hii kwa mkataba wa miaka miwili, nikaacha darasa Kitale, na kwa miaka kumi na tano sikuwa nimeulizwa swali la historia na mtu mzima. Kazi yangu ilikuwa kurudisha vitabu vya watoto kwenye rafu. Sasa kijana huyu ameegemea kabati anataka kujua. Nikamsimulia yote: baraza lililokataa kutawanyika, gereza lililovamiwa, wanawake waliotembea kwenye mvua mpaka ikulu kudai mkate. Macho yake yaliwaka. Nikamsimulia yote, Neema, isipokuwa mwisho.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Zakaria alisimama mbele yetu, akatupa sauti za kuanzia, akainua mkono. Ukashuka, na hakuna aliyeimba. Akafikiri hatukusikia, akatupa sauti upya, akainua tena. Kimya. Akatutazama mmoja mmoja, mstari kwa mstari, kama anayetafuta aliyeteleza. Dada mmoja wa soprano akatoa kicheko cha woga. "Kuna nini?" Mwalimu akauliza, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kumjibu swali, hakuna aliyejua namna ya kumjibu. Akafunga vifungo vya koti lake. Akalitazama faili la nyimbo juu ya kinanda, akaliacha hapo hapo.

"Basi, imbeni," akasema, akatoka.

Tulipiga vigelegele, kwa sauti ndogo, kwa ajili ya majirani. Wafula alilia. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilihisi nina ishirini.

Sikiliza sasa kilichofuata, kwa maana hapa ndipo ninapokuona wewe. Watu walinigeukia. Nani ataandika? Mwalimu wa historia ataandika. Siku hiyo hiyo tukaunda kamati ya muda ya watu watano, Mutiso mwenyekiti, mimi katibu, ya miezi mitatu tu, mpaka uchaguzi. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba katika kipindi hicho kamati itakuwa na mamlaka yote yanayohitajika kulinda umoja wa kwaya. Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili. Ikapigiwa makofi mara mbili.

Wafaransa nao, mfalme alipokwisha kuanguka na majeshi ya wafalme jirani yakiwa mpakani, waliunda kamati. Waliiita ya usalama wa umma. Ilipewa mamlaka ya mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, bunge linaongeza mwingine. Niliandika hayo ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka. Nilijua kwamba kwa kuongezewa mwezi mmoja mmoja, kamati ile ilisimamia kipindi ambacho maelfu walipelekwa kwenye mashine ya kukata vichwa, wakiwemo wengi waliokuwa wamemwangusha mfalme kwa mikono yao. Nilijua. Lakini nilipoandika miezi mitatu niliona ni tofauti, kwa kuwa hii ilikuwa ya kwetu, na sisi tulikuwa watu wazuri.

Na tulikuwa wazuri, nisimdhulumu mtu. Benchi lilifutwa. Mazoezi yakawekwa mara mbili kwa wiki ili wenye zamu wachague. Wafula akaongoza wimbo peke yake mbele ya kanisa zima, na sauti ile ilitoka kama kitu kilichokuwa kimefukiwa. Hata wazee waliompenda Mwalimu walikiri kwamba hatujawahi kuimba hivyo. Nakuandikia haya kwa sababu siku itakapofika kwenu itakuwa tamu kweli, na sitaki udhani nilikudanganya.

Miezi mitatu iliisha wiki ya Krismasi. "Tutafanyaje uchaguzi wiki ya Krismasi?" Mutiso aliuliza, na lilikuwa swali la haki. Tukaongeza mitatu. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Kisha kukaja uvumi kwamba Mwalimu Zakaria anakutana na watu, anataka kurudi. Kundi letu la simu likafungwa, likafunguliwa jipya, na wengine hawakuongezwa. Ukiuliza kwa nini fulani hayumo, unaambiwa subiri, hali si shwari. Miezi ikaongezwa tena. Nani angefanya uchaguzi huku adui yuko mlangoni? Adui mwenyewe alikuwa kitandani na kifua, hawezi kupanda ngazi.

Nikufikishe kwa Adhiambo. Huyu humkumbuki. Alikuwa alto, mfanyakazi wa nyumbani kule Umm Salal, mwenye ruhusa ya Ijumaa mbili kwa mwezi. Bosi wake wa kike alimruhusu kwa sharti moja: basi la kwaya limchukue langoni na kumrudisha, na awe na barua ya katibu kwamba yuko mikononi mwa watu wa kanisa. Barua hizo niliziandika mimi. Adhiambo alisikia kwamba Mwalimu anaumwa, akampelekea chakula. Mkutano ukaitwa.

"Ulikwenda kwa Zakaria?" Mutiso alimuuliza. Hakuwa tena Mwalimu.

"Nilipeleka supu."

"Supu tu?"

"Na kitambaa cha kufunikia supu."

Watu wakacheka. Mutiso hakucheka, na kicheko kikafa kidogo kidogo kuanzia mstari wa mbele.

"Mliongea nini?"

"Alikohoa, nikangoja amalize kukohoa. Ndiyo mazungumzo yenyewe hayo, mwenyekiti. Ukitaka nikukoholee, nitakukoholea."

"Dada, hapa hatutaniani. Kuna watu wanataka kuivunja hii kwaya. Katibu, andika."

Adhiambo akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "hata wewe?"

Niliutazama ukurasa, nikaliandika jina lake.

Hapakuwa na mashine ya kukata kichwa, Neema. Hapakuwa hata na ukali. Alisimamishwa uanachama kwa muda. Lakini bila uanachama hakuna barua, na bila barua hakuna basi, na bila basi lango la nyumba ile halikufunguka. Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote pale ndani, kwa kuwa barua zilikuwa zangu. Mkataba wake ulipoisha alirudi Kenya bila kumuaga mtu. Baada ya miaka mitatu nilipata namba yake kwa nesi mmoja, nikampigia kumwomba radhi. Akacheka, akaniambia nisijali, alizoea kuimba akipiga pasi. Kisha akasema, "Ila ile Ijumaa ya kwanza nilivaa, nikakaa pale kwenye lango tangu asubuhi. Nilijua utakuwa umesema neno."

Niliendelea kuishikilia simu baada ya yeye kukata.

Sasa himaya. Uliniuliza siku moja, ulipokuwa kidato cha tatu, inawezekanaje watu waliomkata mfalme kichwa wampigie makofi mtu anayejivika taji la kaizari, tena baada ya miaka kumi na kidogo. Nilikujibu kwa mambo ya bei na majeshi. Hayakuwa uongo. Lakini jibu nililolipata katika sebule ile ni fupi zaidi. Watu walikuwa wamechoka. Waliokuwa na uwezo wa kusema hapana walikuwa wamekwisha kuondolewa, na walioachwa walitaka mtu mmoja asiyetetemeka awaambie waende wapi. Wafaransa walikuwa naye, jenerali kijana mwenye ushindi. Sisi tulikuwa na mtu mwenye mabasi.

Kule Al Wakrah kulikuwa na kwaya ya Waganda, na mwalimu wao alikuwa mkali vilevile. Mutiso akasimama mazoezini akauliza, "Sisi tumekombolewa. Ndugu zetu je?" Nani angesema ndugu wasikombolewe? Tukaenda na mabasi mawili, tukaimba, tukawafundisha siri yetu ya kunyamaza. Walinyamaza, mwalimu wao akaondoka, tukakumbatiana. Majeshi ya Ufaransa nayo yalivuka mipaka hivyo hivyo, yakibeba uhuru, na watu wa miji jirani wakawatupia maua. Baada ya miaka michache wakajikuta wanatawaliwa na kaka na shemeji za yule jenerali. Waganda wetu baada ya miezi miwili walikuwa na majoho yetu ya zambarau, nyimbo zetu, na mwongozaji aliyetoka kwenye besi yetu. Nyimbo zao za Kiganda zikasubiri. Mzee wao mmoja alikaa nami kwenye basi, akanigusa goti.

"Ssebo, bwana wangu," akasema, "tulikuwa na mbaya wetu. Sasa tuna mbaya wa kuletewa. Huyu hata kumtukana inabidi tutafute mkalimani."

Nyingine mbili zikafuata kwa njia hiyo hiyo. Tulipokwisha kuwa kwaya nne chini ya mtu mmoja, likaja pendekezo kwamba uchaguzi unagawa watu, na kwamba Mutiso awe mlezi wa kudumu. Tulipiga kura. Ninasisitiza hilo: tulipiga kura, na hakuna aliyetushika mkono. Yule jenerali naye aliuliza raia kama awe mtawala wa maisha, wakasema ndiyo. Akauliza kama awe kaizari, wakasema ndiyo. Siku ya kutawazwa alilichukua taji kwa mikono yake akajivika, huku Papa aliyesafirishwa kutoka Roma ameketi hapo anatazama. Mfalme wa zamani alidai mamlaka yake yametoka kwa Mungu, na kwa hiyo ungeweza kumlaumu bila kujilaumu. Huyu mpya anakwambia mamlaka yametoka kwako, na ana mkono wako hewani wa kukuonyesha.

Siku ya kura ile sikuinua mkono. Nikasema tungoje uchaguzi tulioahidi. Mutiso alinitazama kwa huzuni ya kweli, si ya kuigiza. "Mwalimu," akasema, "hata wewe?" Wiki iliyofuata kundi jipya la simu likafunguliwa nami simo. Majoho yakatoka nyuma ya mlango, nawe ukaniuliza kwa nini siimbi tena, nikakuambia nimepata mafua. Mwalimu Zakaria alirudi Kenya na kifua chake. Mutiso alihamishwa nchi nyingine na mwajiri wake, na bila yeye zile kwaya nne hazikuwa hata moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejifunza kupanga mabasi.

Nadhani najua unachosema sasa. Kwa hiyo mfalme angebaki? Wafula aendelee kuchezesha midomo? Hapana. Hili ndilo nililoshindwa kulieleza mezani, nawe ukadhani nakuambia ukae kimya. Ningekuwa pale leo, mkono wa Mwalimu ukiinuka, ningenyamaza tena. Ile Ijumaa ilikuwa ya haki, na sitaki kuirudisha. Ninayoirudisha kichwani ni ile nusu saa iliyofuata, kalamu mkononi, watu wanashangilia, mimi naandika haraka kwa sababu furaha haipendi kungoja.

Watakuita katibu, nawe utaandika vizuri. Nisingejali kama ungekuwa unaandika vibaya. Naomba, kabla hujaandika siku ya kuondoka kwao, andika siku ya kuondoka kwenu, na iwe kitu kisichoweza kuongezwa kwa kuinua mikono. Iandike mapema, siku mkiwa bado hamna kitu cha kupoteza. Mkishashinda hakuna atakayekuruhusu. Na yupo mtu katika vuguvugu lenu ambaye bado anampelekea supu mtu msiyempenda. Sijui jina lake. Siku watakapokwambia umwandike, uliza kwanza amefanya nini, uliza kwa sauti, hata kama sauti yako itatetemeka. Mimi sauti yangu haikutetemeka, kwa kuwa sikuitoa.

Nimeinuka nikazunguka nyumba, nimerudi. Limebaki jambo moja, na nimekuwa nikilikwepa tangu mstari wa kwanza.

Leo mchana, ulipokuwa ukipanga mkoba, uliitafuta pasipoti yako. Mama yako akainua magodoro. Ukasema, "Kwani imeota mbawa?" ukaumwaga mkoba wote sakafuni. Mimi nilipiga magoti nikachungulia chini ya kochi pamoja nawe, tena nikalisogeza kochi. Mama yako akasema itakuwa imejichanganya na vyeti, mtaipata mkirudi, msiwacheleweshe watu Al Wakrah. Ilikuwa ndani ya koti langu, Neema. Niliichukua Jumatano kwenye droo.

Niliona picha za Nairobi asubuhi ile na mikono yangu ikaenda yenyewe. Nilijiambia ni mpaka hali itulie. Wiki moja, tubadilishe tiketi. Alhamisi nilijiambia pengine muhula mmoja. Kwa usalama wako. Unanijua mimi: nimewaandikia wasichana wangapi barua za kuwaomba waajiri wawarudishie pasipoti zilizofungiwa makabatini? Nimewasema watu hao mezani kwetu mbele yako tangu ungali mtoto. Na kila mmoja wao, nikimuuliza, alinijibu kwamba anaihifadhi tu, isije ikapotea.

Imo katika bahasha hii, nyuma ya ukurasa huu wa mwisho. Sikutaka kuirudisha kwenye droo kimyakimya ukadhani ilikuwepo siku zote. Hakuna ninachokuomba uahidi kwanza. Ukisoma hapa, tayari unayo. Mama yako hajui. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako, na ukiniachia nimwambie mimi, nitamwambia kabla hajanywa chai.

Gari lina mafuta. Ukitaka nikupeleke uwanja wa ndege, gonga mlango wangu. Usipogonga, nitasikia magurudumu ya sanduku lako kwenye ukumbi, na sitatoka kukuzuia.

Baba yako